Tumpe mtoto alama kabla punda hajakimbia

Kila mbio za punda zinapofanyika Lamu, iwe ni katika shamrashamra za Maulidi au katika tamasha la utamaduni, picha zinazotufikia magazetini na kwenye simu ni zile zile. Kijana ameketi juu ya punda asiye na tandiko, fimbo mkononi, shati limejaa upepo. Watu wamejipanga kandokando ya bahari wanashangilia, na nyuma yao majahazi yametia nanga. Mshindi anabebwa juu juu, anapewa zawadi yake, na kufikia kesho yake habari imeshapoa. Punda hatumwoni tena mpaka msimu mwingine. Wala hatuonyeshwi majuma yaliyotangulia: nani alimsugua mwili, nani alimtazama kwato, nani alimbembeleza mzee ampumzishe mizigo walau siku mbili kabla ya siku yenyewe. Mara nyingi kazi hiyo huwa imefanywa na mtoto, na mtoto huyo hapigwi picha.

Naamini hapo ndipo tunapokosea hesabu. Mashindano ya wanyama yanayomhusisha mtoto yana faida kwa jamii pale yanapopima jinsi alivyomwandaa mnyama wake. Yakipima mbio peke yake, yanamfundisha mtoto jambo moja tu: kwamba kiumbe kisichoweza kusema kinaweza kukamuliwa nguvu mpaka tone la mwisho, mradi watu washangilie. Ndiyo maana natetea utaratibu mpya. Alama zianze kuhesabiwa kabla ya filimbi. Punda akaguliwe, mtoto aulizwe maswali, na atakayeshindwa ukaguzi asifike kwenye mstari hata kama punda wake ndiye mwenye kasi kuliko wote kisiwani.

Mnyama tuliyemsimanga kwa methali

Kiswahili hakijamtendea haki punda. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, kana kwamba tuliwahi kumtendea wema wa kushukuriwa. Tunasema punda afe, mzigo ufike, na tunaisema kwa kujivunia, kama sifa ya mchapakazi. Mtu mzito wa kuelewa tunamwita punda. Hata maradhi ya kukakamaa misuli tumeyaita pepopunda, ingawa hapo pana chembe ya ukweli: farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na maradhi hayo, na mlango wake ni kidonda, hata kiwe kidogo cha kuchomwa na msumari. Huenda aliyelibuni jina hilo alikuwa mtu wa kutazama wanyama kwa makini kuliko sisi tunaolitumia leo.

Na huyu tunayemsimanga ni wa kwetu hasa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda wote wanaofugwa duniani wana chimbuko moja, nalo liko upande huu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Farasi alitoka mbali, kwenye nyika za kaskazini, na huku kwetu anasumbuliwa na maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi, ambayo huua wengi kati ya wanaoambukizwa. Punda huyapata maradhi hayo mara nyingi bila hata kuonyesha dalili. Mbio za farasi Kenya zimebaki kuwa mchezo wa wenye nazo pale uwanja wa Ngong, Nairobi, na mtoto wa kawaida wa pwani anayetaka kuandaa mnyama wa kupanda hana haja ya kumtafuta farasi. Mnyama wake amefungwa nje ya mlango.

Lamu ni mahali pa kufaa kuanzia mjadala huu kwa sababu mji wenyewe haungesimama bila punda. Vichochoro vya Mji Mkongwe, uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shehena wakikutana, lazima mmoja apishe. Gari halipiti humo. Kila nyumba inayokarabatiwa, kila mfuko wa saruji, kila kikapu cha mchanga, kila boriti na kila jiwe la matumbawe lililoshushwa gatini lilipita juu ya mgongo wa punda. Mnyama huyu ni lori, ni mkokoteni, na kwa familia nyingi ndiye mfanyakazi anayeingiza pesa kila siku bila kudai mshahara. Mbio ni saa moja katika mwaka wake. Siku zilizosalia ni mizigo.

Asubuhi moja ya maandalizi

Tutazame maandalizi yanayofanywa vizuri yakoje, kwa maana bila kuyaona kwa karibu hoja hii itabaki maneno. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, mtoto anamwendea punda kutoka ubavuni, mahali anapoonekana, akizungumza naye. Hamjii kwa nyuma. Anapitisha kiganja mgongoni polepole, hasa juu ya mabega na pale shogi la mizigo hukaa, akitafuta mambo matatu: joto lisilo la kawaida, uvimbe, na mahali nywele zimeanza kunyonyoka. Nywele zikinyonyoka leo, kidonda ni wiki ijayo. Kisha anateremsha mkono kwenye mguu mpaka kwenye kifundo, anaufinya kidogo, na punda aliyezoea huinua mguu mwenyewe. Kwa kijiti butu mtoto anaondoa matope na vijiwe vilivyokwama, akianzia kisiginoni kwenda mbele ili asichome sehemu laini ya katikati. Halafu anafanya jambo ambalo mtu mzima mwenye haraka hawezi kulifanya: anainama na kunusa. Kwato iliyoanza kuoza hujulikana kwa harufu kabla ya jicho kuona kitu.

Baada ya hapo anamsugua kwa kumbi la nazi, kufuata nywele, kutoka shingoni hadi mapajani, huku akitazama kupe masikioni na ndani ya mapaja. Anatazama macho na pua. Anampa maji safi na kuangalia anakunywa kwa namna gani, kwa sababu punda huyakataa maji machafu hata akiwa na kiu. Anaangalia kinyesi. Anahakikisha hajashinda jaani akitafuna mifuko ya plastiki, hatari inayowakabili punda wa mjini wanaoachwa wajitafutie, kwani plastiki hukusanyika tumboni na kuleta msokoto unaoweza kumuua. Ndipo anapompeleka mchangani kwa mwendo wa taratibu, siku ya kwanza kitambo kidogo, siku ya pili zaidi, mpaka pumzi yake imezoea. Akikataa kwenda, mtoto aliyefundwa vizuri hamchapi kwanza. Anajiuliza kwa nini.

Swali hilo la kwa nini ndilo elimu yenyewe. Punda ana tabia inayojulikana sana kwa waganga wa mifugo: huficha maumivu. Mnyama mwingine akiumwa hulia au huchechemea, lakini punda huweza kusimama kimya, masikio yameshuka kidogo tu, na mwenyewe akadhani ametulia. Mtoto anayejifunza kumsoma punda anajifunza kugundua shida ya asiyelalamika. Ni mangapi tunayoyafundisha shuleni kwa miaka mingi bila kufikia hapo? Na mtoto aliyezoea kuona masikio yaliyoshuka ya punda, je, hatauona uso ulioshuka wa mdogo wake, au wa bibi asiyetaka kusumbua watu kwa maradhi yake?

Funzo kutoka Ghuba

Kuna mchezo mmoja unaoonyesha kinachotokea mtoto anapotiwa kwenye mashindano kwa ajili ya wepesi wa mwili wake na si kwa ajili ya ujuzi wake. Kwa miaka mingi, mbio za ngamia katika nchi za Ghuba ziliendeshwa na wavulana wadogo, wengine hawajafikisha hata miaka 10, walioletwa kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na kwingineko. Walitafutwa kwa sababu hawakuwa na uzito. Wengi walinyimwa chakula wasinenepe, na wakianguka waliumia vibaya. Kelele za dunia zilipozidi, Umoja wa Falme za Kiarabu na Qatar zilipiga marufuku watoto hao mwaka 2005, na mahali pao pakachukuliwa na roboti ndogo anayefungwa mgongoni mwa ngamia na kuongozwa kwa rimoti na mtu anayefuata kwa gari. Ngamia hawakupunguza mwendo. Mashabiki hawakuhama.

Tukio hilo lina hukumu ndani yake. Ikiwa mtoto aliweza kuondolewa na mashine ikakaa mahali pake bila mchezo kubadilika, basi mchezo ule haukuwahi kumhitaji mtoto. Ulihitaji kitu chepesi chenye mkono wa kuchapa. Sasa tuchukue kipimo hicho hicho tukilete Lamu. Roboti anaweza kukaa juu ya punda na kumpiga fimbo kutoka mwanzo wa mbio hadi mwisho. Hawezi kunusa kwato. Hawezi kutambua kwamba leo punda amekunywa nusu ya maji ya jana. Kwa hiyo sehemu ya mashindano ambayo mtoto hana mbadala ni maandalizi, na hiyo ndiyo sehemu tusiyoipa hata alama moja. Tunamsifu mtoto kwa kile ambacho mashine ingekiweza, na tunanyamaza juu ya kile alichokifanya yeye kama binadamu.

Gymkhana tusiyoijua

Dar es Salaam, neno Gymkhana linamjia mtu pamoja na picha ya viwanja vya gofu na klabu ya watu wakubwa. Uingereza neno hilo hilo, lililochukuliwa kutoka India wakati wa ukoloni, lina maana nyingine: ni mashindano ya kijijini ambapo watoto hucheza michezo ya mbio na shabaha wakiwa juu ya farasi wadogo. Shirika linalowalea watoto hao, Pony Club, lilianzishwa mwaka 1929, na jambo la kujifunza kwake si farasi, bali mpangilio wa mambo. Mtoto hupanda ngazi za mitihani, na mitihani hiyo haiishii kwenye kupanda. Anaulizwa kuhusu chakula, kwato, kidonda, namna ya kufunga hatamu na kusafisha ngozi ya tandiko. Kabla ya mashindano, vifaa hukaguliwa ili kuhakikisha hakuna mshono uliolegea utakaomwangusha mpandaji au ukingo utakaomkata mnyama. Kofia ngumu ni lazima.

Mwaka 1957 ulianza mfululizo wa michezo ya timu unaobeba jina la Prince Philip. Wazo lake lilikuwa kwamba watoto wa kawaida wenye farasi wa kawaida wapate mashindano yao, wasishindane na wale ambao wazazi wao wanaweza kununua mnyama wa bei ya nyumba. Katika michezo hiyo ya kasi na kelele, fimbo haziruhusiwi. Mtoto anayetaka farasi wake ageuke haraka kwenye mlingoti hana njia nyingine isipokuwa kuwa alishamfundisha nyumbani. Kanuni moja ndogo, ya kuondoa fimbo, imeyahamisha mashindano kutoka siku ya mbio hadi miezi iliyotangulia.

Sisemi tuige Waingereza na makoti yao ya sufi kwenye jua la pwani. Na mchezo wao una kasoro yake: pamoja na nia ile ya 1957, kumlisha farasi Uingereza ni gharama ambayo familia nyingi haziimudu. Hapo ndipo Lamu ina nafasi kubwa kuliko wao. Mnyama wa mashindano tayari yupo katika nyumba za wachukuzi. Hakununuliwa kwa ajili ya starehe. Kitakachobadilika ni jinsi anavyotazamwa.

Hesabu ya nyumbani

Wapo watakaoona haya yote ni mapambo ya watu wasio na shida. Basi tuhamie kwenye pesa. Punda mwenye kidonda mgongoni hawezi kuvishwa shogi. Akivishwa, kidonda kinapanuka, na mapumziko ya wiki moja yanageuka ya mwezi. Kwa familia inayolipwa kwa kila safari ya mchanga kutoka gatini, mwezi bila punda ni mwezi wa kukopa dukani, na deni la dukani huanza kula ada na sare za shule. Hakuna bima ya mgongo wa punda. Kinga iliyopo ni jicho la mtu anayemtazama kila siku, na ndani ya nyumba ambamo baba anatoka alfajiri na kurudi amechoka, jicho hilo lina uwezekano mkubwa wa kuwa la mtoto.

Tena, kumpata punda mwingine si rahisi kama zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu zaidi ya punda milioni 1.8 Kenya. Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vya kusafirisha ngozi kwenda China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao, na kufikia mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa. Wizi wa punda ukazagaa. Watu waliamka wakakuta kamba imekatwa, na siku zilizofuata mizigo ikahamia kwenye migongo ya wanawake na watoto. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikatengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Tanzania nayo ilichukua hatua zake, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, mkutanoni Addis Ababa, waliunga mkono kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Waliokwisha hawarudishwi kwa tamko.

Katika hali hiyo, punda aliye hai na mzima ni mtaji wa kulindwa kama duka. Akitunzwa, anaweza kuishi miaka 25 hadi 30 na zaidi. Akitumikishwa na vidonda na minyoo, hafiki hata nusu. Tofauti ya miaka hiyo ni nyumba iliyokamilika au iliyoachwa bila paa, na ni mtoto aliyemaliza shule au aliyeacha. Mashindano yanayomfanya mtoto wa miaka 12 ajue kwato kwa harufu yanaihudumia familia siku 364 nyingine ambazo hakuna anayeshangilia.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni la wazazi na walimu: mtoto mahali pake ni shuleni, na kumkabidhi punda ni kumrudisha kwenye ajira ya watoto. Hofu hii ni ya haki, na isipuuzwe. Wapo watoto wanaoacha masomo kwa sababu ya punda. Lakini tuweke mpaka mahali pake. Kumpakiza mtoto mifuko ya saruji wakati wenzake wako darasani ni dhuluma, iwe kuna mashindano au hakuna. Nusu saa ya kumkagua na kumsugua mnyama kabla ya kwenda shule ni malezi, kama kuteka maji au kufagia ua. Utaratibu ninaoutetea unaweza hata kuusaidia upande wa shule: mtoto asiyehudhuria masomo asisajiliwe kushindana. Wazazi wa Kenya wanaambiwa kila siku kwamba mtaala wa umilisi unataka mtoto aonyeshe anachoweza kukifanya kwa mikono yake. Je, kuna umilisi gani ulio wazi kuliko kumsimamisha punda mzima mbele ya mganga wa mifugo na kueleza ulivyofika hapo?

Pingamizi la pili linatoka kwa walinzi wa mila: mbio hizi ni zetu, zina ladha yake, na kila kanuni ya ukaguzi ni mkono wa mgeni. Nawaomba wanaosema hivyo watazame mahali mbio zenyewe zinapokaa. Maulidi ya Lamu yamejengwa juu ya kumbukumbu ya Mtume, na hakuna madrasa ya pwani ambayo mtoto hajasimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Huruma kwa mnyama haikuletwa na meli ya wageni. Tumeisoma kwenye mkeka. Kilicho kigeni ni ile desturi ya kuchapa punda hadi mwisho wa mbio huku nyuma yetu kaswida zinaimbwa.

Na kwa kweli, nusu ya kazi imeshafanywa. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kituo cha tiba ya punda Lamu, na kwa miaka mingi pamefanyika pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wengine, mbali na mbio. Tatizo ni kwamba mambo haya mawili yanaishi kama majirani wasiosalimiana. Tuzo ya utunzaji inapewa makofi ya adabu, na mbio zinapewa mji mzima. Ninachotaka ni kuziweka katika mlango mmoja: asiyepita kwenye ukaguzi wa utunzaji asiingie kwenye mbio, na alama za ukaguzi ziwe nusu ya alama za ushindi.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa kazi kubwa kulijibu: kwamba ukaguzi utampendelea tajiri. Mwenye punda wanne anaweza kumpumzisha mmoja mwaka mzima, akamlisha pumba na majani mabichi, wakati mwenye punda mmoja lazima ampakie mchanga mpaka mkesha wa mbio. Hoja hii ina nguvu, na ikiachwa bila jibu utaratibu mzima utaoza. Jibu liko katika kile kinachopimwa. Wakaguzi wasitafute punda anayeng'aa. Punda aliyenenepa kupita kiasi naye akatwe alama, kwa sababu unene humdhuru punda kama njaa inavyomdhuru. Watafute vidonda, kwato, meno na minyoo, mambo ambayo punda wa kazi anaweza kuwa safi nayo kwa gharama ya muda tu. Na sehemu kubwa ya alama itoke kwenye maswali kwa mtoto mwenyewe. Kovu hili ni la nini, na ulilitibu vipi? Kwa nini shogi lake umelitandikia hivi? Punda mwenye kovu la zamani lililopona vizuri, na mtoto anayeijua historia yake, wampite punda laini ambaye mtoto wake hajui hata anakula nini. Tajiri anaweza kununua pumba. Hawezi kumnunulia mwanawe majibu.

Kuna wanaouliza pia kuhusu wasichana, na swali hilo lina uzito wake. Mbio zenyewe zimekuwa uwanja wa wavulana, na sitegemei makala moja ibadilishe hilo. Lakini utunzaji wa mnyama nyumbani haujui jinsia. Msichana anayemkagua punda wa familia kila asubuhi ana haki ya kusimama mbele ya wakaguzi na kupata alama zake, hata kama kaka yake ndiye atakayepanda. Timu ya ndugu wawili, mmoja mwandaaji na mwingine mpandaji, itagawana tuzo kwa haki kuliko ilivyo sasa.

Hakuna gharama ya kutisha

Utekelezaji wake haudai kamati ya miaka mitatu. Siku moja kabla ya mbio, mganga wa mifugo na wazee wawili wanaojua punda wakae mahali penye kivuli, punda wapitishwe mmoja mmoja. Fimbo zikusanywe hapo hapo. Mpandaji awe na kofia ngumu, na uzito wake ulingane na punda, maana mtu mzima aliyekomaa juu ya punda mdogo ni kosa sawa na mtoto mdogo juu ya punda asiyezuilika. Zawadi zilizokuwa zikitengwa kwa mwenye kasi zigawanywe mara mbili. Fungu ni lile lile, limebadilisha njia tu.

Watakaosema mbio zitapoteza msisimko hawajawahi kufikiria inavyokuwa punda anapokimbia kwa sababu anamwamini aliye juu yake. Bila fimbo, mwenye kushinda ni yule aliyekuwa na subira ya miezi, na watazamaji watajifunza kubashiri kwa kutazama masikio na miguu, kama wapenzi wa bao wanavyobashiri kwa kutazama mashimo. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lamu, ukingo huo upo kweli: ni ukuta wa gati, na hapo ndipo punda yule yule aliyeshangiliwa juzi atakuwa amesimama asubuhi ya siku ya kazi, akingoja mchanga ushushwe kutoka kwenye jahazi. Wapiga picha watakuwa wameshaondoka. Kama mguu wake wa nyuma una joto lisilo la kawaida, hatalia. Atangoja mkono mdogo uteremke hadi kwenye kifundo na kusema kwamba leo huyu habebi.